Mapambo Yaliyozikwa na Mchoraji Aliyeyaona

Desemba iliyopita binti yangu alikuja nyumbani Embu kutoka Nairobi anakofanya kazi. Alipoketi mezani kunywa chai, niliona masikioni mwake vipuli viwili vyenye umbo la tone la maji. Vilikuwa vyeupe, vikubwa kuliko vile nilivyozoea kuviona kwa vijana wa rika lake, na kila alipogeuza shingo vilinasa mwanga wa dirishani. Nilimwuliza alikovipata. Akanieleza kwamba sonara aliyevitengeneza aliiga kipuli kilichomo katika picha moja ya kale ya Uholanzi, na kwamba wako mafundi wengi ulimwenguni wanaobuni vito vyao kwa kuzitazama picha za wachoraji wa Ulaya wa karne ya 17.

Picha aliyoitaja naijua. Ilichorwa na Johannes Vermeer wa mji wa Delft mnamo mwaka 1665 hivi, nayo inatunzwa katika makumbusho ya Mauritshuis mjini The Hague. Inamwonyesha msichana aliyefunga kilemba, anayetazama nyuma juu ya bega lake, na sikioni mwake inaning'inia lulu moja kubwa. Wataalamu wamebishana kama kweli hiyo ni lulu, maana ukubwa wake si wa kawaida. Wako wanaodhani ni kioo au madini yaliyong'arishwa. Uchoraji wa zama zile huitwa wa Baroko, na neno lenyewe husemekana kutoka kwa Wareno, ambao waliita hivyo lulu isiyo na mviringo kamili. Wachoraji wa zama hizo, kina Rubens wa Antwerp, Rembrandt wa Amsterdam na Velázquez wa Madrid, walikuwa mafundi hodari wa kuonyesha namna mwanga unavyoiangukia dhahabu, lulu na hariri.

Ndugu msomaji, kuna jambo hapa ambalo huenda hujalifikiria. Vito havidumu kama tunavyodhani. Dhahabu huyeyushwa ikafuliwa upya kwa mtindo mpya, mikufu hukatwa warithi wakagawana, na lulu hung'olewa zikauzwa mojamoja wakati wa dhiki. Vito vingi walivyovaa mabibi wa Ulaya karne hiyo havipo tena duniani. Tunavijua kwa sababu vilichorwa. Kwa hiyo fundi wa leo anayetaka kufahamu mkufu wa wakati ule ulivyokaa shingoni hana budi kuiendea picha. Na picha yenyewe yaweza kudharauliwa vilevile. Hiyo ya Vermeer ilinunuliwa mnadani mwaka 1881 kwa gilda mbili na ada ya senti 30, kwa kuwa ilikuwa imechakaa na mchoraji wake hakuwa na sifa aliyo nayo leo.

Nikiwa namsikiliza binti yangu, nilimkumbuka nyanya yangu, mama mzazi wa baba. Alikuwa na ndewe ndefu zilizokaribia kugusa mabega, nazo zilikuwa tupu. Utotoni nilipenda kupitisha vidole vyangu katika matundu yale makubwa, naye hakunikataza. Mapambo yake aliyavua siku alipobatizwa, kama walivyotakiwa kufanya waumini wengi wa rika lake, akayatia katika kibuyu na kukizika chini ya migomba, asiyataje tena mpaka alipokufa. Nilipoanza shule wenzangu walimcheka alipopita njiani, masikio yakining'inia kama kamba zilizolegea. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka pamoja nao.

Basi nilijiuliza swali moja: kama fundi wa leo angetaka kufanya pambo alilovaa nyanya yangu, angeiendea picha gani? Vermeer hakufika Embu wala Rubens hakuvuka mto Tana. Lakini jibu lipo, nalo ni la mtu ambaye Wakenya karibu wote wanamjua kwa sababu nyingine kabisa. Mtu huyo ni Joy Adamson, yule mama wa simba Elsa.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, wakati huo ukiwa chini ya dola ya Austria na Hungaria. Leo mji huo huitwa Opava na umo katika nchi ya Ucheki. Jina alilopewa na wazazi wake ni Friederike Victoria Gessner. Wazazi hao walitengana angali mtoto, naye akalelewa na nyanya yake mjini Vienna. Huko alisoma muziki wa piano, akajifunza uchongaji wa sanamu, kisha akajaribu masomo ya udaktari. Vienna ni mji ambao makumbusho yake yamejaa kazi za wachoraji wa Baroko, kina Rubens na Velázquez, na kijana aliyekulia humo akiwa na moyo wa sanaa hakuwa mgeni wa desturi ile ya kumchora mtu pamoja na alichovaa, kila kifungo na kila ushanga mahali pake.

Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, mfanyabiashara wa asili ya Kiyahudi. Wanazi walikuwa wanapata nguvu katika nchi jirani ya Ujerumani, na mume aliona kwamba Austria haingekuwa mahali pa salama. Mwaka 1937 akamtuma mkewe kuja Kenya kuangalia kama wangeweza kuhamia. Safarini bibi huyo alikutana na Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa mimea, na mambo yakageuka. Ndoa ya kwanza ikavunjika, na mwaka 1938 akaolewa na Bally. Huyo ndiye aliyempa jina la Joy, ambalo limemfunika mpaka leo.

Bally alikuwa akizunguka nchini kukusanya mimea, na mkewe akaanza kuichora. Kazi hii ina masharti magumu kuliko inavyoonekana. Mchoraji wa mimea hana ruhusa ya kubuni. Akiongeza petali moja katika ua, au akikosea mpangilio wa majani katika tawi, mtaalamu atakayeitumia picha ile atapotea. Joy aliimudu kazi hiyo hata Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza kikamtunukia nishani yake ya dhahabu ya Grenfell mwaka 1947. Nakuomba uikumbuke nidhamu hiyo ya kuhesabu petali, kwa kuwa ndiyo iliyotuokolea mapambo yetu baadaye.

Ndoa ya pili nayo haikudumu. Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, msimamizi wa wanyamapori wa sehemu za kaskazini, na makao yao yakawa Isiolo, mwendo mfupi tu kutoka nyanda za Meru. Kutoka huko alianza kuwatazama watu kama alivyokuwa akiyatazama maua. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ikampa kazi rasmi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi na mapambo yao ya jadi, kabla hayajatoweka. Kwa miaka kadhaa alizunguka nchini, akipiga hema karibu na mahema ya wakuu wa wilaya na maboma ya machifu, akichora wazee, mashujaa, waganga, maharusi na vijana waliotoka kutahiriwa. Alipomaliza alikuwa amechora picha zaidi ya 500. Nyingi ziliwekwa katika makumbusho ya Nairobi, na nyingine zikapelekwa Ikulu. Mwaka 1967 alichapisha kitabu juu ya watu aliowachora, na humo Wameru, Waembu na majirani zao wamepata sehemu yao.

Hapa pana kitendawili ambacho siwezi kukipita. Serikali iliyomwajiri ili ahifadhi sura ya mila ndiyo iliyokuwa ikizing'oa mila hizo. Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa, na Waembu na Wameru wakawekwa pamoja na Wakikuyu katika amri zilizowabana. Watu walitiwa vizuizini na wengine wakaingia msituni. Kuanzia mwaka 1954 familia zilihamishwa kutoka katika miji yao ya jadi na kusongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miiba, na nyumba walizoziacha zikachomwa. Mtu anayehamishwa kwa saa chache hachukui pembe ya tumbaku wala mkufu wa bibi yake. Huchukua mtoto, chungu na blanketi. Baba yangu alinisimulia kwamba walipotoka kwenye ile migomba hakuna aliyepata nafasi ya kufukua kibuyu. Waliporudi miaka mingi baadaye, mipaka ya mashamba ilikuwa imepimwa upya na migomba ile imo katika shamba la mtu mwingine.

Kwa hiyo waliotutenga na mapambo yetu ni wengi: mahubiri, amri za serikali, shule, na haya zetu wenyewe. Na katikati ya hayo yote alikuwapo mwanamke mmoja wa Kizungu mwenye rangi za maji na brashi, akimwomba mzee akae kimya kwa saa nyingi ili apate kuhesabu shanga zake. Kama ni kejeli, basi ni kejeli iliyotufaa.

Nilizikuta picha zake nikiwa mtu mzima, katika miaka ya 1980, nilipoingia makumbusho ya Nairobi kukwepa mvua. Sikuwa na nia ya kutazama sanaa. Nilipita upesi upesi mpaka nikafika mbele ya mama mmoja wa nyanda zetu, nikasimama. Ndewe zake zilikuwa zilezile za nyanya, ndefu na pana. Lakini hizi hazikuwa tupu. Zilijaa mafungu ya pete za shanga yaliyoning'inia mpaka mabegani, yakiuzunguka uso wake kama fremu. Nilielewa hapo, mbele ya picha ya mtu nisiyemjua, kwamba sikio lile nililolicheka lilikuwa nusu ya kitu. Nyanya alikuwa amezikwa miaka kadhaa nyuma. Mvua ilipokatika mimi nilikuwa bado nimesimama palepale.

Tangu siku hiyo nimezitazama picha hizo mara nyingi, na ninalostaajabia ni uaminifu wake katika mambo madogo. Utaona waya wa shaba ulivyozungushwa mkononi, pete juu ya pete, ukibana nyama kidogo. Utaona minyororo myembamba ya chuma iliyofuliwa na wahunzi wetu, kauri zilizoshonwa katika ngozi, manyoya ya mbuni kichwani mwa mcheza ngoma na ngozi ya mbega mguuni. Rangi za shanga hazikuchanganywa ovyo. Palipo na nyekundu kisha nyeupe kisha buluu, ni kwa sababu ndivyo alivyozikuta. Huyu ni mchoraji wa maua aliyekataa kubuni petali. Mhunzi au mshonaji wa shanga mwenye macho mazuri anaweza kukaa mbele ya picha hizo leo na kulifanya pambo lile upya, kama yule sonara aliyemfanyia binti yangu kipuli cha msichana wa Delft.

Na usidhani kwamba mapambo hayo yalikuwa ya watu waliojifungia mlimani wasijue ulimwengu. Kauri zilitoka Bahari ya Hindi. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Wakamba walipeleka bidhaa kati ya pwani na nchi zinazouzunguka Mlima Kenya, na katika mizigo yao zilikuwamo shanga za kioo. Nyingi za shanga zilizofika Afrika Mashariki zilitoka Venice, na baadaye nyingine kutoka Bohemia, hasa mji wa Jablonec. Bohemia na Opava alikozaliwa Joy Adamson leo zimo katika nchi moja. Yamkini baadhi ya shanga alizozichora masikioni mwa mama zetu zilipikwa katika tanuu zisizo mbali na kwao. Mama zetu waliuchukua ushanga wa mgeni, wakaupa mpango wao, rangi zao na maana yao, ukawa wa kwao. Ikiwa lulu ya Vermeer ni kioo, kama wanavyodhani baadhi ya wataalamu, basi yule msichana na nyanya yangu walijipamba kwa kitu kimoja. Mmoja anaigwa duniani kote. Mwingine alichekwa na mjukuu wake.

Lakini sifa ya Joy Adamson haikujengwa juu ya picha hizo. Tarehe 1 Februari 1956 mumewe alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, na ikagunduliwa kwamba alikuwa na watoto watatu. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam. Wa tatu, Elsa, alibaki. Wenyewe walimlea, kisha wakamfundisha kuwinda na kumrudisha mwituni huko Meru, kando ya mto Ura. Elsa alizaa huko, na bado alikuwa akirudi kambini kuwaona. Kitabu juu ya maisha yake kilitoka mwaka 1960, kikasomwa kwa lugha nyingi. Elsa alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoletwa na kupe, akazikwa palepale Ura. Mwaka 1966 filamu ya kisa hicho ilitoka, na mwaka huohuo Meru ikatangazwa kuwa mbuga ya taifa. Fedha zilizotokana na kitabu zilisaidia sana kuhifadhi wanyama, Meru ikiwamo. Baadaye alirudi mbuga hiyo na duma aliyeitwa Pippa, ambaye naye amezikwa humo.

Siyadharau hayo. Mbuga ile imewapa watu wetu kazi na jina. Lakini tazama jinsi kumbukumbu ya ulimwengu inavyochagua. Mwanamke huyu alimchora mzee wa Meru na mama wa Embu kwa miaka kabla simba yule hajazaliwa. Simba ana kaburi linalotembelewa na wageni kutoka kila bara, ilhali mzee na mama wamo ukutani Nairobi, aghalabu wakitajwa kwa kabila na cheo. Watoto wetu wanalijua jina la Elsa. Hawajui jina la hata mmoja wa watu waliokaa mbele ya brashi ile.

Mwaka 1969 alipata ajali ya gari iliyouharibu mkono wake wa kulia, mkono wa piano na wa brashi. Kwa mtu wa namna yake, pigo hilo lilikuwa kubwa kuliko tunavyoweza kukadiria. Aliendelea kuandika na kulea wanyama, akahamia hifadhi ya Shaba karibu na Isiolo akiwa na chui. Huko ndiko alikouawa tarehe 3 Januari 1980, siku chache kabla ya kutimiza miaka 70. Kwanza ilidhaniwa ameuawa na simba, kisha uchunguzi ukaonyesha majeraha ya silaha, na aliyekuwa mfanyakazi wake akapatikana na hatia mwaka 1981. George naye aliuawa na majambazi huko Kora tarehe 20 Agosti 1989. Majivu ya Joy yalirudishwa mbuga ya Meru, yakanyunyizwa kwenye makaburi ya Elsa na Pippa. Kwa maana hiyo yeye ni mkazi wetu wa kudumu.

Sitaki kumfanya malaika. Wengi waliomjua walisimulia kwamba alikuwa mkali, mwepesi wa hasira, na kwamba wafanyakazi hawakudumu kwake. Alifika kwa watu akiwa na kibali cha serikali, na mbele ya kibali hicho haikuwa rahisi kwa mtu kukataa kuchorwa. Wako wanaosema kwamba picha zake ni mali ya macho ya mkoloni na kwamba tukizitegemea tutajiona kama alivyotuona. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Nasema tu kwamba vitu vyenyewe tulivifukia, tuliviuza na kuvichoma. Anayetafuta mkufu uliopotea hamfukuzi aliyeuona mara ya mwisho kwa sababu hampendi. Humketisha, akamwuliza ulikuwaje.

Jioni ile nilitoa kabatini kile kitabu cha mwaka 1967 nikamwonyesha binti yangu. Alikitazama kwa muda mrefu akiwa amevua vipuli vyake na kuviweka mezani karibu na sukari. Kisha akaniuliza pambo moja linaitwaje kwa Kiembu. Sikuweza kumjibu. Akaonyesha la pili, na la tatu. Mimi niliyesoma mpaka nikaajiriwa kuandika magazetini sikuwa na majina ya vitu alivyovaa nyanya yangu. Kesho yake tulikichukua kitabu kile tukaenda kwa mama mmoja jirani aliyepita miaka 90. Alikisogeza karibu na macho, akacheka, akagusa karatasi kwa kidole. Katika mapambo matano tuliyomwonyesha alitutajia majina ya matatu, na akatueleza lipi lilivaliwa na mke na lipi na msichana. Kwa mawili yaliyobaki alitikisa kichwa, akasema hayo angeyajua mama yake.

Hilo ndilo linalonisukuma kuandika leo. Kati ya picha na jina kuna uzi, na uzi huo uko mikononi mwa wazee wachache sana. Tangu mwaka 2013 tuna serikali za kaunti Meru, Embu na Tharaka-Nithi, zenye dhamana ya utamaduni kwa mujibu wa katiba. Naziomba mambo matatu ambayo hayahitaji mamilioni. Kwanza, zitafute nakala nzuri za picha za watu wetu zilizochorwa na Joy Adamson na kuziweka karibu nasi. Meru pana makumbusho katika jengo lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wakati wa ukoloni, na sioni mahali panapofaa zaidi. Embu nako patafutwe ukumbi. Pili, nakala hizo zipelekwe kwa wazee vijijini mwaka huu, si mwaka kesho, ili kila pambo lipate jina lake, matumizi yake na, Mungu akijalia, mtu aliyechorwa atambuliwe na ukoo wake. Tatu, wahunzi, washonaji wa shanga na masonara vijana wapewe nafasi ya kukaa mbele ya picha hizo na kufanya kazi.

Najua wako watakaouliza kama nataka wasichana wetu wanyooshe ndewe tena. La hasha. Binti yangu hana haja ya kutoboa sikio kwa kigingi ili afanane na babu zake. Msichana wa Nairobi avaaye kipuli cha Delft havai pia sketi ya karne ya 17. Fundi huchukua umbo, akalipunguza, akalifaa sikio la leo. Likifanywa kwa shanga au kwa shaba, likauzwa kwa jina lake la Kimeru au la Kiembu, litamlisha fundi na kumfundisha mvaaji.

Binti yangu amerudi Nairobi. Amechukua majina yale matatu, akayaandika katika daftari pamoja na michoro aliyoinakili kwa penseli, na amesema atamtafuta fundi. Alipokuwa akiagana nami langoni alikuwa amevaa vile vipuli vyake vya Kiholanzi, na kweli vilimpendeza. Nimemwambia akivipata hivyo vingine aniletee jozi moja. Najua ni shamba gani yalimo masalio ya ile migomba, na mwenye shamba si mtu mbaya. Atanikubalia kuchimba kishimo kidogo.